Mali Bila Daftari: Historia ya Kusaka Kumbukumbu Inayovuja

Leo tutazungumza juu ya kasoro moja ya programu za kompyuta isiyopiga kelele, nayo ni kuvuja kwa kumbukumbu. Tutaona madhara yake, kisha tutaona jinsi mafundi walivyotengeneza zana za kuisaka. Nawe usomaye somo hili chapani, uwe na kalamu karibu, maana mwishoni yako maswali.

Kwanza tuelewane maana. Kumbukumbu ya kompyuta ni kama ghala la sahani za kuazima. Programu ikitaka kufanya kazi huazima sahani kadhaa, na ikimaliza yapasa izirudishe. Isipozirudisha, sahani hazikuvunjika wala hazikuibwa, lakini ghalani hazimo. Sahani moja haimtii mtu wasiwasi. Lakini ikiazimwa moja kila saa bila kurudishwa, itafika siku ghala ni tupu na shughuli zote zimesimama.

Msidhani haya ni mambo ya wataalamu tu. Tarehe 26 Oktoba 1992, idara ya magari ya wagonjwa ya London, Uingereza, ilianza kutumia mpango mpya wa kompyuta wa kupokea simu za hatari na kuyatuma magari. Mpango huo ulikuwa na kasoro nyingi, na siku mbili za kwanza zilikuwa za fujo. Kasoro yetu ya leo ilijitokeza tarehe 4 Novemba. Muda mfupi baada ya saa 8 za usiku mitambo ilianza kwenda polepole, kisha ikakwama kabisa. Wafanyakazi walijaribu kuiwasha upya, wasifanikiwe. Mtambo wa akiba nao haukushika kazi. Ikawalazimu kurudia karatasi na kalamu, na huku wagonjwa wanangoja.

Taarifa ya uchunguzi ilitolewa Februari 1993, nayo ilieleza sababu. Wiki tatu kabla ya usiku ule, mtunga programu mmoja alikuwa akirekebisha jambo, akasahau kipande kidogo cha programu ndani yake. Kila gari lilipotumwa, kipande kile kiliazima kumbukumbu kidogo kisiirudishe. Gari baada ya gari, siku baada ya siku, hata ghala likaisha. Wachunguzi walisema pia kwamba majaribio ya kawaida yasingeelekea kuigundua kasoro hiyo. Kwa nini? Kwa sababu anayejaribu programu hutazama jibu, na hapa jibu lilikuwa sahihi: gari lilitumwa. Kosa lilikuwa katika kile kilichobaki nyuma.

Basi, mafundi walifanyaje? Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Historia ya zana hizi ni historia ya kuifundisha mashine kuandika daftari.

Wazo la kwanza lilitoka Marekani. Mwaka 1960 John McCarthy alichapisha maelezo ya lugha ya programu iitwayo LISP. Katika lugha hiyo mtunga programu harudishi kumbukumbu mwenyewe. Ghala likikaribia kwisha, mashine hukagua: kila kitu ambacho programu bado yaweza kukifikia hutiwa alama, na kisicho na alama hukusanywa kitumike tena. Lakini ukaguzi huo huchukua muda. Katika miaka ya 1970 ilienea lugha ya C, iliyotungwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell. C ni nyepesi na ya haraka, ila humwachia mtunga programu kazi yote ya kuazima na kurudisha. Na binadamu husahau.

Mwaka 1992, mwaka uleule wa mkasa wa London, Reed Hastings na Bob Joyce walieleza zana yao iitwayo Purify. Hastings huyo ndiye aliyekuja kushiriki kuanzisha Netflix mwaka 1997. Purify iliingiza maagizo ya ukaguzi ndani ya programu yenyewe. Kila mkopo uliandikwa: ni kiasi gani, na ni mstari upi ulioazima. Kisha zana ilitafuta, karibu kwa njia ya McCarthy, mikopo ambayo anwani yake haishikwi na yeyote. Hiyo ndiyo iliyopotea.

Purify iliuzwa. Mwaka 2002 Julian Seward alitoa Valgrind, ambayo ni bure kwa kila mtu. Huiendesha programu chini ya ulinzi wake, nayo programu yaweza kuwa nzito mara 20 au 30 kuliko kawaida. Mwaka 2012 wahandisi wa Google walieleza AddressSanitizer, ambayo huunganishwa wakati programu inapogeuzwa kuwa lugha ya mashine. Uzito wake ni mdogo zaidi, na baadaye iliongezewa sehemu ya kusaka uvujaji.

Lakini tahadhari, ndugu msikilizaji. Zana hizi hukamata mkopo usio na mwenyewe. Programu ikiendelea kushika anwani ya kitu ambacho haitakitumia tena, daftari litaonyesha kwamba kina mwenyewe, na ghala litajaa vilevile, hata katika lugha zinazojikusanyia zenyewe. Dawa yake ni kuhesabu ghala mara mbili, asubuhi na jioni tuseme, na kuuliza: ni nini kilichoongezeka, na nani anakishika? Zana yaweza kuhesabu. Kuuliza ni kazi ya mtu.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi chenu:

1. Kwa nini majaribio ya kawaida yasingeelekea kuigundua kasoro ya London?
2. Daftari la Purify liliandika mambo gani, na yanamsaidiaje mtunga programu?
3. Eleza aina ya uvujaji ambayo daftari pekee halitoshi kuikamata.

Hadi somo lijalo, kwaherini.