HAKI YA NANI? SOMO KUTOKA MLIMANI, DAR ES SALAAM



Mwezi huu wa Ramadhan utawaona vijana wetu wa vyuoni wakichangisha pesa, wakifunga unga na tende, wakizunguka mitaani kugawa futari. Mwezi mwengine utawaona vijana hao hao wameshika mabango, wamegoma, wanadai haki. Wazee wengi hupenda lile la kwanza na kuchukia la pili. Wako na vijana wanaosema kinyume chake: ati kugawa chakula ni kumfariji maskini tu, na shida yake inabaki palepale.

Sasa tumfuate nani? Mimi naona badala ya kubishana tuulize historia. Na wala si lazima twende mbali. Twende hapa kwa jirani, Dar es Salaam, kwenye kile chuo ambacho watu hukiita Mlimani. Chuo hicho kilianza mwaka 1961 na wanafunzi wachache wa sheria, katika jengo la chama cha TANU mjini. Kuanzia 1963 mpaka 1970 kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Nairobi na Makerere, kwa hivyo na Wakenya walisoma huko. Hata kwenye kisa chetu yumo mmoja, utamwona.

MAANDAMANO YA MAJOHO MEKUNDU

Mwaka 1963 Tanganyika ilianzisha Jeshi la Kujenga Taifa, la vijana kujitolea. Mwaka 1966 serikali ikasema sasa ni lazima kwa wasomi. Anayemaliza chuo atatumikia taifa miaka miwili: kwanza kambini, kisha miezi 18 afanye kazi yake ya usomi huku akilipwa asilimia 40 tu ya mshahara.

Wanafunzi wakakataa. Tarehe 22 Oktoba 1966 waliandamana mpaka Ikulu wakiwa wamevaa majoho yao mekundu ya chuo. Mabango yao mengine yalidai kwamba heri hata wakati wa mkoloni. Hebu fikiria, nchi haijafika miaka mitano tangu uhuru!

Mwalimu Nyerere aliwapokea, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akawafukuza wote. Karibu vijana 400, wa chuo kikuu na vyuo vingine, walirudishwa kwao vijijini. Wengi waliruhusiwa kurudi mwaka uliofuata.

Kwa nini alikasirika vile? Miaka miwili nyuma alikuwa ametoa mfano ambao watu wanaukumbuka mpaka leo. Alimfananisha msomi na mtu wa kijiji chenye njaa aliyepewa chakula chote kilichobaki, ili apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Akishashiba asirudi, huyo amewasaliti watu wake. Wewe mwenyewe uko na saumu unaposoma haya, uzito wa mfano huu unaujua.

Lakini tuwe waadilifu, ndugu msomaji. Wale vijana walikuwa na hoja moja ya kweli: kwamba viongozi wanaowaambia wajinyime, wao wenyewe wanaishi vizuri. Nyerere hakuikana hoja hiyo. Siku ile ile alitangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Na haikupita miezi minne, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha, likawakataza viongozi kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba. Kwa hivyo hata maandamano yaliyoanza kwa kujipendelea yalibeba ukweli ndani yake. Ila wao hawakuuliza mkulima analipwa ngapi. Waliuliza sisi tutalipwa ngapi.

KIZAZI KINGINE

Mwaka 1967 wakaingia vijana wa aina nyengine. Walianzisha kikundi kikiitwa USARF, umoja wa wanafunzi wenye msimamo wa kimapinduzi wa Afrika. Mwenyekiti wake alikuwa kijana kutoka Uganda, Yoweri Museveni. Ndiyo, huyo huyo aliyekuja kuwa rais mwaka 1986. Na ukitaka kujua jinsi ilivyo vigumu mtu kubaki na maneno ya ujana wake akishapata madaraka, historia yake iko wazi, jisomee mwenyewe.

Dar es Salaam wakati huo ilikuwa kituo cha wapigania uhuru. FRELIMO ya Msumbiji ilizaliwa hapo mwaka 1962, na Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake hapo. Kwa hivyo wanafunzi hawa hawakuwa wakisoma ukandamizaji kwenye vitabu tu, walikuwa wakikutana na waliokimbia ukandamizaji. Mwaka 1968 baadhi yao walivuka Mto Ruvuma kuingia sehemu za Msumbiji zilizokwisha kukombolewa, wakaone kwa macho yao.

Sasa sikiliza kisa hiki kidogo, maana kinatuhusu sisi tunaochangisha. Chuoni hapo kulikuwa na desturi iliyotoka vyuo vya Uingereza. Siku moja kila mwaka wanafunzi walivaa matambara, wakapanda malori, wakazunguka mjini kwa vichekesho wakichangisha pesa za maskini. Pesa zilikuwa za heri, hilo hatubishi. Lakini mwaka 1968 vijana wa USARF waliuliza: hivi maskini akituona tumevaa umaskini wake kama nguo ya mchezo, atahisi nini? Siku ilipofika walizuia magari, na sherehe ikavunjika.

Wengine waliwaona wakorofi. Mimi nasema walikuwa wamegusa jambo kubwa. Khidma inayomdhalilisha unayemhudumia ina kasoro, hata kama mfuko umejaa. Na sisi leo, tunapompanga mjane foleni na paketi ya unga mkononi ili tumpige picha, tujiulize swali hilo hilo.

CHECHE

Novemba 1969 wakatoa jarida, Cheche. Hawakuwa na kiwanda cha uchapaji, walitumia stensili. Miongoni mwa wahariri walikuwa Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji, ambaye mwaka 2006 alikuja kuwa mwanamke wa kwanza kuwa waziri wa fedha wa Tanzania. Mwaka 1970 Issa Shivji, kijana wa sheria, aliandika humo makala ndefu akiuliza: baada ya Azimio la Arusha, ni nani hasa anayeshika mali za umma, ni mkulima na mfanyakazi, au ni maofisa?

Swali hilo liliuma. Novemba 1970 USARF na Cheche vyote viwili vilifungwa. Wanafunzi waliambiwa kwamba umoja wa vijana wa TANU unatosha. Wakajiunga huko, na mwaka 1971 wakatoa jarida lingine, MajiMaji, lililopewa jina la vita vya 1905 dhidi ya Wajerumani. Mlango mmoja umefungwa, wakatafuta mwengine, bila kurusha jiwe.

Na yule Mkenya wetu? Ni Symonds Akivaga, aliyekuwa rais wa wanafunzi. Julai 1971 aliandika barua ya wazi kwa mkuu wa chuo akilaumu jinsi chuo kinavyoendeshwa. Polisi wenye silaha waliingia chuoni, wakamchukua, akarudishwa Kenya. Wanafunzi wakagoma kwa ajili yake. Angalia hapo: wengi wao walikuwa Watanzania, na waligoma kwa ajili ya mgeni. Baadaye Akivaga alifundisha siasa Chuo Kikuu cha Nairobi.

MACHI 1978

Sasa tufike mwisho wa safari. Tarehe 5 Machi 1978 wanafunzi wa Mlimani waliandamana tena. Safari hii kwa nini? Kwa sababu mawaziri na wabunge walikuwa wameongezewa malipo na marupurupu. Wanafunzi walisema kwamba jambo hilo ni kinyume cha Azimio la Arusha. Kwao wenyewe hawakuomba hata senti moja. Polisi waliwazuia, na wanafunzi kama 350 wakafukuzwa chuo.

Weka miaka hii miwili pamoja. Mwaka 1966 wanafunzi waliandamana kutetea mishahara yao. Mwaka 1978 wadogo zao waliandamana kupinga wakubwa wasijiongezee mali ya watu. Miaka 12 tu. Na makundi yote mawili yalifukuzwa na serikali ile ile.

Hapo ndipo penye somo, ndugu msomaji. Kufukuzwa peke yake hakukuonyeshi nani alikuwa na haki. Hata kusifiwa hakukuonyeshi. Kinachoonyesha ni lile swali: unadai haki ya nani? Vijana wetu wana kiapo chao cha mdomoni, “haki ya nani!” Wanakisema bila kukifikiria. Basi leo kifikirieni.

WEWE JE?

Pengine unasema, mimi si Museveni wala Shivji, niko mwaka wa kwanza tu na karo yenyewe haijatimia. Sawa. Lakini chuoni kwako kuna mama anayefagia bweni, kuna askari wa lango, kuna mwenzako anayelala njaa na anaona haya kusema. Je, unajua majina yao? Siku uongozi wa wanafunzi unapoitisha mgomo, madai yao yamo kwenye ile orodha, au iko yako tu?

Na wewe unayegawa futari, endelea, usiwache. Lakini ukishamkabidhi mtu mfuko wake, kaa naye kidogo umuulize kwa nini mwaka huu hali ni ngumu kuliko mwaka jana. Pengine atakwambia kodi ya nyumba, pengine ardhi, pengine mwajiri hajamlipa. Hapo utakuwa umepata kazi ya mwezi wa Shawwal na miezi yote inayofuata.

Wazazi nanyi, mtoto akirudi nyumbani na kusema anataka kuandamana, msimpigie kelele kwanza. Muulizeni swali lile lile. Akijibu kwamba ni haki ya asiyeweza kusema, basi kaeni naye mumuonyeshe njia ya kuidai bila kuvunja wala kuchoma mali ya mtu. Akijibu kwamba ni yake peke yake, mkumbusheni yule mtu aliyepewa chakula cha kijiji.

Ramadhan karim, na wassalaam.