-zimwa na -zimika
Injini iliyozimwa si lazima iwe imezimika. Kauli ya kutendwa, -zimwa, hutaja tendo la mtu. Kauli ya kutendeka, -zimika, hutaja matokeo. Mwendesha mashine ya kusaga huko Igamba, wilayani Mbozi, au nahodha wa boti katika Ziwa Rukwa, aweza kusema bila kujikanganya: *Injini imezimwa lakini haijazimika.* Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, si kwa cheche. Mafuta yasipokatwa, huendelea kuunguruma. (*Imezima* ya mitaani huifunika tofauti hii.) Katika mwongozo wa usalama, mfasiri asiandike *injini ikishazimwa, fungua kifuniko* panapokusudiwa *ikishazimika*: kosa hilo laweza kumgharimu msomaji vidole.