Maji magumu si maji chumvi

Wakulima wengi wa pwani huita maji yote ya kisima yasiyo matamu "maji chumvi". Jina hilo linatosha kwa mnywaji, lakini kwa anayepulizia dawa ya magugu linaficha jambo kubwa. Maji ya visima vya mawe ya matumbawe hubeba kalsiamu nyingi, pengine na magnesiamu, na hizo ndizo zinazoyafanya kuwa magumu. Ladha yake huenda isikushtue. Sabuni ndiyo itakayokwambia, kwa kukataa kutoa povu. Ndani ya bomba la kupulizia, kalsiamu hiyo hushikana na dawa ya magugu aina ya glaifoseti, na dawa iliyoshikwa hivyo hupenya jani kwa shida. Magugu hunyauka nusunusu, kisha yanachipua, na lawama anabebeshwa muuza dawa.

Atakayesema jina halibadilishi maji amesema kweli. Lakini jina huamua dawa ya tatizo. Aliyeambiwa "chumvi" huongeza kipimo cha dawa, akapoteza fedha. Aliyeambiwa "magumu" hutafuta cha kuishughulikia kalsiamu. Nacho kipo dukani: mbolea ya SA (sulfeti ya amoniamu), kilo 1 hadi 2 kwa lita 100 za maji, ikoroge mpaka iyeyuke kabisa kabla ya kutia glaifoseti. Sulfeti yake huikamata kalsiamu, na amoniamu yake husaidia dawa kuingia kwenye jani. Kuyachemsha maji hakutoshi, kwani sehemu ya ugumu haiondoki kwa moto. Maji ya mvua, kwa mwenye tangi, hayana ugumu huo.