Mbao, msasa na rangi: Jinsi ndege ndogo za kivita zinavyoundwa

MTOTO wa Ukambani hujifunza kuunda vyombo kabla hajajua kusoma. Gari la waya lenye usukani mrefu na magurudumu ya vifuniko vya mikebe limesukumwa katika njia za mchanga za Mwingi, Mutomo, Wote na Kibwezi kwa vizazi kadhaa. Ndege ya kijiti yenye rafadha ya karatasi nayo si ngeni. Lakini kuna hatua kubwa kati ya chombo cha kuchezea na kile kinachoitwa mfano wa kipimo, yaani ndege ndogo ambayo kila sehemu yake imepunguzwa kwa kiasi kimoja na kupakwa rangi zile zile za ndege halisi.

Sanaa hii ina makao yake makuu mbali na Kitui na Makueni. Viwanda vyake vinavyojulikana zaidi ni Airfix ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1939, na Tamiya na Hasegawa za Japani. Viwanda hivyo huuza visanduku vyenye vipande vya plastiki ambavyo mnunuzi huvibandika kwa gundi. Hata hivyo, ndege ndogo za kivita zilichongwa kwa mbao kabla plastiki haijashika soko, na hapo ndipo kaunti hizi mbili zinapopata nafasi ya kuzungumza.

Mwaka 1942, baada ya Marekani kuingia katika Vita vya Pili vya Dunia, jeshi lake la majini liliwaomba wanafunzi wa shule wachonge mifano 500,000 ya ndege za aina 50. Mifano hiyo ilikuwa ya mbao na ilipakwa rangi nyeusi. Wanamaji na marubani waliitumia kujifunza kutofautisha ndege ya rafiki na ya adui kwa kuangalia umbo pekee. Mchongaji aliyekosea upana wa bawa alikuwa anamfundisha askari kumpiga risasi mwenzake. Ndiyo sababu usahihi katika kazi hii haukuanza kama mapambo.

Kipimo kilichotumika kilikuwa 1 kwa 72, na hadi leo ndicho kinachopendwa zaidi. Chanzo chake ni hesabu rahisi ya Waingereza: mtu wa futi sita huwa na kimo cha inchi moja. Kipimo kingine maarufu ni 1 kwa 48, ambacho hutoa ndege kubwa zaidi na nafasi ya kuonyesha mambo madogo kama vile viti na saa zilizo mbele ya rubani.

Kwa Mkenya anayetaka kuanza, hakuna sababu ya kuhangaikia ndege za Ulaya wakati Jeshi la Wanahewa la Kenya lina historia yake. Kikosi hicho kiliundwa Juni 1, 1964 kwa usaidizi wa Uingereza. Mwaka 1971 kilipata ndege sita za BAC Strikemaster, na katikati ya mwongo huo kikapokea Hawker Hunter chache, ambazo mwanzoni mwa miaka ya 1980 zilihamia Zimbabwe. Mwaka 1978 zilianza kuwasili Northrop F-5 kutoka Marekani, 10 zikiwa za rubani mmoja, yaani F-5E, na mbili za viti viwili, F-5F. Baadaye zilifuata Hawk na Tucano za kufunzia marubani. F-5 ndizo zilizotumika Oktoba 2011, Kenya ilipowapeleka wanajeshi Somalia, na makao yake ni kambi ya Laikipia, Nanyuki.

Vipimo vya ndege hizo ndivyo msingi wa kazi. F-5E ina urefu wa mita 14.45, na kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa ni mita 8.13. Ukigawanya kwa 72 unapata milimita 201 kwa 113. Hunter, yenye urefu wa mita 13.98 na upana wa 10.26, hutoa milimita 194 kwa 142. Strikemaster ni fupi kuliko upana wake: mita 10.27 kwa 11.23, yaani milimita 143 kwa 156. Anayeziweka tatu hizo mezani bila kuzipaka rangi yoyote tayari ana somo zuri, kwa maana F-5 huonekana kama mshale, ilhali Strikemaster ni kama bata mwenye mabawa yaliyonyooshwa.

F-5F haiwi F-5E kwa kuongezewa kiti tu. Pua yake ni ndefu zaidi na urefu wote hufika mita 15.65, tofauti ya milimita 17 katika mfano. Kosa hili ni la kawaida mno, hata kwa watu wenye uzoefu.

MBAO ndilo jambo ambalo fundi wa Kitui au Makueni analijua kuliko mwandishi wa kitabu chochote cha London. Uchongaji wa vinyago vya kuuza Ukambani huhusishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu, eneo lililo katika Kaunti ya Machakos kwenye barabara ya kuelekea Kitui. Inaelezwa kwamba aliupata ujuzi huo Tanganyika alipokuwa huko wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi nao nyumbani. Kutoka hapo kazi ilienea hadi Nairobi na Mombasa, na kufikia miaka ya 1960 wachongaji walikuwa na vyama vya ushirika. Kabla ya hapo Wakamba walikuwa na sifa ya viti vya miguu mitatu vilivyopambwa kwa waya mwembamba uliopachikwa ndani ya mbao, kazi inayohitaji mkono ule ule unaohitajika kuchora mistari ya mabati kwenye ndege ndogo.

Umaarufu huo ulikuwa na gharama. Mpingo na muhugu, miti migumu iliyopendwa na wanunuzi, ilikatwa kupita kiasi, na wachongaji wakalazimika kugeukia mwarobaini, mwembe na mjakaranda. Kwa ndege ndogo, hasara hiyo si kubwa. Mpingo ni mzito na huumiza patasi, haufai. Mjakaranda ni laini na unachongeka kwa urahisi.

Mti unaostahili kutazamwa zaidi ni mukau. Huu ni mti wa asili wa nyanda kame, una mbao za rangi nyekundu ya kahawia zinazofanana na za mkangazi, na mchwa hawaupendi. Taasisi ya Utafiti wa Misitu Kenya, KEFRI, imeushughulikia kwa miaka mingi katika kituo chake cha Kitui, ikishirikiana na shirika la Japani la JICA, na wakulima wa Kitui na Kibwezi huupanda kama akiba. Ugumu wake uko mwanzoni: mbegu zake haziaminiki katika kuota. Mabaki ya mukau yanayotupwa na maseremala, kipande cha sentimita 25 kwa 5, yanatosha kiwiliwili cha F-5, na hakuna mti unaokatwa kwa ajili yake.

Sharti kipande kiwe kimekauka. Mbao mbichi ikichongwa leo itapinda au kupasuka baada ya wiki chache za jua la Januari, na rangi itapasuka pamoja nayo. Hukaushwa kivulini, hewa ikipita pande zote, wala si juani wala karibu na moto.

Kinachofuata ni kuchora. Michoro ya ndege kutoka upande, juu na mbele hunakiliwa kwenye karatasi ngumu, na karatasi hiyo hukatwa iwe kiolezo. Mbao hukatwa kwanza kwa umbo la upande, kisha kwa umbo la juu, halafu ndipo kingo huviringishwa kwa kisu na tupa. Mchongaji wa vinyago aliyezoea kutoa twiga 20 wanaofanana kwa kukadiria kwa jicho atapata taabu hapa. Jicho lake ni zuri, lakini twiga hana mwenyewe wa kulalamika kwamba shingo ni fupi kwa milimita tatu. Ni lazima kiolezo kirudishwe kwenye mbao kila baada ya mipapaso michache ya tupa.

Mabawa huleta tatizo la pekee. Bawa la F-5 ni jembamba sana, na katika kipimo cha 1 kwa 72 halifiki milimita 3 hata linaposhikana na kiwiliwili. Mbao ya unene huo huvunjika ikiwa nyuzi zake zinakwenda kutoka mbele kwenda nyuma. Sharti zielekee nchani. Wengine huacha mbao kabisa na kukata bawa kutoka bati la mkebe lililokunjwa mara mbili, na ufundi wa jua kali una mengi ya kufundisha hapo. Kioo cha rubani hutengenezwa kwa plastiki ya chupa ya maji iliyopashwa moto na kubanwa juu ya umbo la mbao.

RANGI ndiyo inayoharibu kazi nzuri. Jambo la kwanza ni kuziba vinyweleo vya mbao kwa puti nyembamba au vanishi, kusugua kwa msasa laini, na kurudia hadi uso usiwe na dalili yoyote ya mti. Rangi ya kwanza ya kijivu hufuata na hufichua mikwaruzo yote iliyosalia.

Kisha kuna unene. Tabaka la rangi la sehemu moja ya kumi ya milimita linaonekana dogo, lakini likizidishwa mara 72 ni zaidi ya milimita 7 kwenye ndege halisi. Tabaka tatu nene za brashi zimeshazika milango na viungo vyote. Ndiyo maana hupendekezwa rangi iliyolegezwa kwa tina, tabaka nyingi nyembamba, au mashine ndogo ya kupulizia. Vumbi la Kitui wakati wa kiangazi ni adui. Asubuhi na mapema, kabla upepo haujaamka, ndiyo saa ya kupaka.

Kuhusu rangi yenyewe, majeshi hayachagui kwa kukisia. Marekani ilitumia orodha inayojulikana kama FS 595, ambamo kila rangi ina nambari ya tarakimu tano, na tarakimu ya kwanza hueleza kama inang'aa sana, inang'aa kiasi au haing'ai. Uingereza ina BS 381C. Mwenye nambari anaweza kumwendea mchanganyaji rangi wa magari mjini akapata inayokaribiana, ingawa mafundi wengi huipunguza ukali kwa tone la rangi nyeupe. Ndege ya mbali huonekana hafifu kuliko ya karibu, na ndege ndogo ni kama ndege iliyo mbali.

Alama za taifa ni jambo nyeti. Visanduku vya F-5 vinavyouzwa ng'ambo mara nyingi huja na alama za Marekani au Uswisi, kwa hiyo za Kenya hutengenezwa kwa mkono, kwa bikari na rangi za bendera, kufuatana na picha ya ndege ile ile na mwaka ule ule. Mwaka una uzito. Agosti 1, 1982 baadhi ya wanahewa walijaribu kumpindua Rais Daniel arap Moi. Kikosi kikavunjwa na kuundwa upya kwa jina la '82 Air Force, na jina la zamani halikurejeshwa hadi 1994. Anayeandika jina la kikosi kwenye kibao cha mfano wake asichanganye miaka hiyo, hasa ikiwa ndege inakwenda nyumbani kwa mtu aliyekuwapo.

Anayetafuta picha naye awe mwangalifu. Sheria ya maeneo yanayolindwa inakataza kupiga picha kambi za kijeshi bila idhini, na udadisi wa mpenda ndege si kinga. Picha zilizochapishwa na jeshi lenyewe na zile za magazeti zinatosha. Nafasi nyingine ni maonyesho ya ndege na sherehe za kitaifa, ambazo siku hizi huzunguka kaunti. Mashujaa ya 2025 yalifanyika uwanja wa Ithookwe, Kitui.

Ndege iliyokamilika hupakwa vanishi isiyong'aa na kuwekwa mbali na dirisha, kwa kuwa jua hufifisha rangi. Kiwiliwili cha mukau hakihitaji dawa ya mchwa. Cha mjakaranda kikaguliwe kila baada ya mvua.