Jerusha Wamuyu ni jina la nani?

Wasee, niko na shida ya kifamilia, na nimeamua kuileta hapa kwa sababu kila nikimweleza mtu kwa simu tunaishia kwa historia.

Dada yangu mkubwa anatarajia mtoto mwezi wa nane. Ni msichana. Tayari ako na wawili, Tiffany Wanjiku na Shantel Njeri, na huyu wa tatu anataka apewe jina la zamani. La zamani kabisa, lakini akiwaita wote watatu mlangoni jioni lisisikike kama la mtoto wa jirani. Ukimsikiliza haraka unaweza kudhani ni mambo ya urembo. Si urembo.

Kwa wale si Wakikuyu, nieleze kidogo. Kwetu huwa hatuketi chini kumtafutia mtoto jina. Jina liko tayari linamngoja. Msichana wa kwanza ni wa mamake baba, wa pili ni wa mamake mama, na kuanzia wa tatu mnaenda kwa mashangazi: dada za baba kwanza, halafu dada za mama. Wavulana ni vivyo hivyo, kwa babu na wajomba. Na si kumbukumbu tu kama kubandika picha ya marehemu ukutani. Mtoto anakuwa yule mtu. Baba yake Tiffany alikuwa akimwita "maitu", yaani mama, na msichana mwenyewe alikuwa bado anatambaa. Kwa hivyo mzee wa Kikuyu ukimpa majina ya watoto wa nyumba yoyote kwa mpangilio wa kuzaliwa, atakuambia nyanya zao ni akina nani, na kama kuna mahali hesabu ilirukwa atauliza kwa nini.

Hapo ndipo shida iko. Baba yake Tiffany na Shantel waliachana na dada yangu kitambo. Baba ya huyu wa tatu alizima simu mimba ikiwa ya miezi miwili. Mtoto hana shangazi wa upande wa baba. Msichana akizaliwa nyumbani hivyo, majina yote yanatoka upande wa mama, na kwa kuwa mathe tayari ameitwa kwa Shantel Njeri, anayefuata ni dada ya mama. Dada ya mama ni mmoja tu. Mimi.

Naitwa Wamuyu. Mimi ni wa pili kwetu, kwa hivyo nilichukua jina la shosho, mamake mathe, Jerusha Wamuyu. Na mathe hataki. Nilimsikia jikoni akimwambia dada yangu, "Mtoto asipewe jina la mtu aliyeacha chuo." Hakujua niko kwa korido. Niliacha mwaka wa pili kwa sababu ya karo na sababu zingine ambazo si za leo, na mathe hajawahi kunitukana uso kwa uso. Lakini ukiamini kwamba mtoto anakuwa yule aliyeitwa, basi hilo neno si dogo.

Sasa twende kwa Wamuyu mwenyewe.

Kila Mkikuyu anajua hadithi ya Gikuyu na Mumbi pale Mukurwe wa Nyagathanga, Murang'a. Ngai aliwapa mabinti, na mbari zetu zinatoka kwa hao mabinti, si kwa wana wa kiume. Wanjiru ni Anjiru, Wambui ni Ambui, Wanjiku ni Agaciku, Wanjeri, yaani Njeri, ni Aceera. Jomo Kenyatta aliziandika mbari hizo katika kitabu chake cha 1938, Facing Mount Kenya. Ukiuliza mabinti walikuwa wangapi, utaambiwa tisa. Halafu mtu atacheka na kusema "kenda muiyuru", tisa iliyojaa. Maana yake ni kumi. Wa kumi hatajwi kwa hesabu. Wa kumi ni Wamuyu.

Kwa nini hatajwi? Wengine husema ni mwiko wa kuhesabu watu kikamilifu, kwamba ukimaliza hesabu unaita mkosi. Lakini simulizi ninayoipenda, na ambayo shosho mwenyewe alikuwa akinisimulia, ni kwamba Wamuyu alikuwa kitinda mimba, hakuolewa kama dada zake, akapata watoto akiwa kwa boma la baba yake. Watoto wake hawakutupwa. Wako na mbari yao, Aicakamuyu, mpaka leo.

Rudi uangalie dada yangu. Wanjiku, Njeri, na sasa mtoto aliyezaliwa nyumbani. Mnatafuta jina la zamani linalowafaa dada zake na mnaniuliza mimi? Wanjiku na Njeri WALIKUWA na dada anaitwa Wamuyu. Kama ni jina la zamani, hakuna la zamani kuliko hilo.

Lakini dada yangu hana shida na Wamuyu. Anataka sana Jerusha, na hapa lazima niwe mkweli: Jerusha si jina la zamani vile watu wanadhani. Wamishenari wa Scotland walifika Thogoto mwaka wa 1898, AIM wakaenda Kijabe, Wakatoliki wa Consolata wakaja 1902, na huko ndiko yalitokea majina haya tunayoita ya kina shosho. Jerusha, Rahab, Tabitha, Damaris, Kezia, Milka, Loise. Ulikuwa unasoma katekisimu, unaulizwa maswali, ukipita unabatizwa na unatoka kanisani ukiwa mtu mwingine. Shosho aliambiwa achague kati ya majina matatu. Alichagua Jerusha kwa sababu aliweza kulitamka. Baadaye sana ndio alijua ni nani: mama yake mfalme Yothamu, anatajwa kwa mstari mmoja kwa kitabu cha pili cha Wafalme na mwingine kwa Nyakati, basi.

Watu hupenda kusema majina haya tulilazimishwa. Ndiyo na hapana. Mwaka wa 1929 makanisa ya misheni yaligombana vibaya na Wakikuyu kuhusu tohara ya wasichana, watu wakatoka kwa maelfu, wakaanzisha shule na makanisa yao wenyewe. Ungedhani wangetupa ubatizo pamoja na Mzungu. Hawakutupa. Mwaka wa 1935 walimwita Askofu Daniel William Alexander kutoka Afrika Kusini aje awafundishie makasisi wao ili waendelee kubatiza. Walitaka Jerusha wao bila bosi wa Thogoto. Na kabla ya hapo, Machi 1922, mwanamke aliyewachochea wanaume mbele ya kituo cha polisi Nairobi wakidai Harry Thuku aachiliwe, na akapigwa risasi hapo hapo, anakumbukwa kama Mary Muthoni Nyanjiru. Mary yuko, Nyanjiru yuko.

Wangari Maathai ndiye aliyenifungua macho zaidi. Alizaliwa 1940, akabatizwa Miriam. Alipoingia Ukatoliki akawa Mary Josephine, na huko Marekani alikosoma wakamwita Mary Jo. Aliporudi 1966 akasema mimi ni Wangari Muta. Halafu akaolewa, wakaachana, mume akataka jina lake lirudishwe. Mama huyo akaongeza herufi moja, Mathai ikawa Maathai, akaenda nayo mpaka Oslo 2004. Hebu hesabu majina ambayo mtu mmoja alipewa na wengine kabla ya kubaki na lake.

Nikifikiria, sisi huwa na majina mawili yanayotembea kwa mwendo tofauti. Hili la Kikuyu linazunguka. Shosho, mjukuu, kilembwe, na halizeeki kwa sababu kila wakati kuna mtoto analibeba. Hili la kanisani linazeeka kama nguo. Kina Jerusha wakazaa kina Margaret na Lucy, kina Margaret wakazaa kina Mercy na Faith na Purity, kina Purity ndio hao wamezaa Tiffany na Shantel. Sasa mtindo umezunguka na kila mtu wa rika langu anataka Kezia. Sawa. Lakini msijidanganye mnarudi kwa mizizi, mnarudi tu kwa nguo ya shosho.

(By the way, kama unataka majina ya Biblia yanayoendana kama dada, soma mwisho wa Ayubu: Yemima, Kezia na Keren-hapuki, na baba yao akawapa urithi pamoja na kaka zao. Kenya sheria ya urithi ilipitishwa 1972, ikaanza kazi 1981, na bado kuna mabinti wanafukuzwa kwa mashamba.)

Nilimwambia dada yangu asiogope, akitaka Jerusha Wamuyu aandike yote mawili. Jerusha itaonyesha ni shosho anaitwa, si mimi, na mathe atapumua. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini mimi nataka akuwe wewe." Sikuwa na jibu. Nilijifanya mtandao umepotea.

Wikendi iliyopita nilienda nyumbani, na sikuzunguka. Nilimuuliza mathe shosho alisoma mpaka darasa la ngapi. Anajua vizuri. La tatu. Alitolewa akachunge ndugu zake, na ndiye huyo alilima na kuuza maziwa mpaka mathe akamaliza kidato cha nne. Kwa hivyo Wamuyu aliyeacha shule amekuwa kwa hii familia muda mrefu kabla yangu.

Mathe hakusema kitu. Alimwaga chai iliyopoa, akaweka ingine motoni.

Jana usiku amenitumia ujumbe anauliza Jerusha huandikwa kwa J ama kwa Y. Nimemwambia kwa J.