Moshi wa Magari na Afya ya Wanaofanya Kazi Barabarani

Askari wa usalama barabarani anayeongoza magari katika makutano ya Buguruni jijini Dar es Salaam, mfagiaji wa barabara, dereva wa bodaboda na mmachinga anayeuza maji kwenye foleni wote hufanya kazi pale pale moshi wa magari unapotoka, kabla haujasambaa hewani. Abiria hupita hapo kwa dakika chache. Wao hushinda hapo.

Moshi mweusi wa malori na mabasi ya dizeli ndio unaoogopwa zaidi, na si bila sababu. Mwaka 2012, Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, ulio chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), uliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hususan ya mapafu. Hata hivyo, sehemu kubwa ya madhara hutokana na kisichoonekana. Chembe zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, ambazo ni ndogo kuliko unene wa unywele kwa zaidi ya mara 20, hufika ndani kabisa ya mapafu, na baadhi yake huingia katika damu. Ndiyo maana madhara hayaishii kwenye pumu na kikohozi, bali huchangia pia magonjwa ya moyo na kiharusi. Mwaka 2021, WHO ilishusha kiwango cha chembe hizo kinachopendekezwa kwa wastani wa mwaka, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita moja ya ujazo.

Kaboni monoksaidi nayo haina rangi wala harufu. Gesi hii hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, hivyo mwili hunyimwa oksijeni. Maumivu ya kichwa, kizunguzungu na uchovu wa jioni, ambavyo wengi huvihesabu kuwa ni vya jua kali, huenda vikatokana nayo. Mtu akipata hewa safi, kiasi cha gesi hiyo mwilini hupungua kwa nusu ndani ya saa 4 hadi 6. Kupumzika kando ya barabara ileile hakumpi nafuu hiyo.

Kitambaa kinachofungwa puani huzuia vumbi kubwa tu. Barakoa aina ya N95 huchuja chembe ndogo endapo imebana uso vizuri, lakini haizuii kaboni monoksaidi.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kulinda na kupima afya za wafanyakazi wake. Mmachinga hana mwajiri, hivyo hatua ya kwenda kupimwa humwangukia yeye mwenyewe. Kikohozi kinachofikia wiki 2 kisichukuliwe kuwa ni cha moshi tu, kwa kuwa ni dalili pia ya kifua kikuu, ugonjwa ambao kipimo na matibabu yake hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya Serikali.