Manyoni: mji uliozaliwa na njia panda

Manyoni, makao makuu ya wilaya inayochukua upande wa kusini wa Mkoa wa Singida, ipo mahali ambapo njia zitokazo Dodoma hugawanyika: moja hupanda kaskazini kwenda Singida na Mwanza, nyingine huelekea magharibi kupitia Itigi hadi Tabora na Kigoma. Hakuna mto mkubwa hapo wala ardhi yenye rutuba ya kupigiwa mfano, na mvua ni haba. Kilichoukuza mji ni njia.

Katika karne ya 19 njia iliyokuwa na maana ni ile ya misafara kati ya Bagamoyo na Tabora. Wapagazi walivuka Ugogo wakilipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watemi waliomiliki visima, kisha wakaingia Mgunda Mkali, pori kavu lililotenganisha Ugogo na Unyamwezi. Wapelelezi wa Kizungu walipita huko pia: Burton na Speke mwaka 1857, Stanley mwaka 1871. Wakati huo Wagogo, Wanyaturu na Wakimbu wa eneo hili waliishi katika tembe zilizotawanyika, wakilima mtama na uwele na kufuga ng'ombe.

Wajerumani walipoitwaa nchi, macho yao yalikuwa Kilimatinde, kijiji kilichokaa juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Walijenga boma hapo kwa sababu palikuwa pazuri kwa kulinda njia ya misafara. Mtu yeyote wa mwaka 1900 angetabiri kwamba mji wa eneo hili ungekuwa Kilimatinde. Haikuwa hivyo. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912. Badala ya kufuata boma, ilifuata mteremko ambao garimoshi lingeweza kuupanda. Kutoka mbuga ya Bahi ilipita Saranda chini ya ukingo, ikaupanda, na kutokea Manyoni, zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kilimatinde ikaachwa kando, kusini mwa njia.

Injini za mvuke zilihitaji maji na kuni, na stesheni ilihitaji watu: wa kuangalia ishara, wa kutengeneza njia, wa kupakia mizigo. Nyuma yao walikuja wenye maduka, Wahindi na Waarabu, walionunua ngozi, asali na nta kutoka misitu ya miombo ya magharibi. Lakini ukuaji huo ulikatizwa na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia kati ya Wajerumani na Waingereza. Majeshi ya Waingereza yaliiteka Kilimatinde mwishoni mwa Julai 1916. Pande zote mbili zilikuwa zimewachukua vijana kuwa wapagazi na kuwanyang'anya watu mifugo na nafaka. Mvua ilipokosekana ikaja njaa ya Mtunya, ya 1917 hadi 1920, iliyoua watu wengi mno Ugogo. Historia ya miji ya reli mara nyingi husimuliwa kama hadithi ya maendeleo tupu. Huku Mtunya lazima itajwe, maana walioujenga mji baadaye walikuwa watoto wa walionusurika.

Chini ya Waingereza makao ya wilaya yalihamia Manyoni. Kilimatinde ilibaki na misheni na hospitali ya Kanisa la Anglikana, ambayo imeendelea kutibu watu hadi leo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 tawi la reli lilijengwa kutoka Manyoni hadi Kinyangiri, ng'ambo ya Singida, kwa tumaini la kupata mazao ya biashara katika nyanda za Iramba. Mizigo haikutosha, na katika miaka ya 1940 mataruma na vyuma viling'olewa. Manyoni ikarudi kuwa stesheni ya kupita tu.

Baada ya uhuru, Mkoa wa Singida uliundwa mwaka 1963, na operesheni vijiji ya miaka ya 1970 ikawakusanya watu kando ya barabara. Tawi la Singida, kilomita 115, lilijengwa upya katika miaka ya 1980 na 1990. Hata hivyo, badiliko kubwa kuliko yote ni lami. Barabara ya Dodoma hadi Singida ilipokamilika kuwekwa lami, mabasi ya Mwanza, Bukoba na Kahama na malori ya Rwanda na Burundi yalianza kupita Manyoni mchana na usiku. Baadaye lami ilifika Itigi na kuendelea hadi Tabora. Serikali ilipohamia Dodoma kwa vitendo kuanzia 2016, soko kubwa likawa mwendo wa saa chache tu.

Uchumi wa mji unaonekana vizuri zaidi kando ya barabara. Matenga ya kuku wa kienyeji, yaliyosukwa kwa fito, hupangwa yakisubiri kufungwa juu ya basi la Dar es Salaam. Pembeni yake kuna madumu ya mafuta ya alizeti na chupa za asali. Wengi wa wauzaji hawalali mjini: hufika alfajiri kwa bodaboda kutoka vijiji vya jirani na kurudi jioni. Watumishi na wafanyabiashara wengine nao husafiri kwenda na kurudi kati ya Manyoni, Itigi, Singida na Dodoma.

Sasa reli ya kisasa inakuja. Kipande cha Morogoro hadi Makutupora, ndani ya Wilaya ya Manyoni, kina urefu wa kilomita 422, na treni za umeme zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Mkataba wa kuendelea kutoka Makutupora hadi Tabora, kilomita 368, ulisainiwa mwaka 2021.